Mwalimu aliyewatetea wenye maradhi ya akili

Nilipoanza kazi ya ualimu miaka mingi iliyopita, jirani yetu mmoja alikuwa na mtoto aliyezaliwa na ulemavu wa akili. Mtoto huyo hakuonekana shuleni wala sokoni. Alifungiwa katika chumba cha uani, nasi walimu tuliopita hapo kila asubuhi tulijua, tukanyamaza. Aibu ya kimya hicho ndiyo inayonirudisha kila mara kwenye maisha ya Dorothea Dix. Naye alikuwa mwalimu, ila yeye hakunyamaza.

Bi. Dix alizaliwa Aprili 4, 1802 mahali paitwapo Hampden, katika eneo ambalo leo ni jimbo la Maine, Marekani. Utoto wake haukuwa na raha, na alipofikia umri wa miaka 12 hivi alikwenda kuishi na nyanya yake mjini Boston. Alianza kufundisha akiwa bado kigoli. Mnamo 1824 alichapisha kitabu cha kuwafunza watoto habari za vitu vya kawaida, nacho kikapigwa chapa mara nyingi. Lakini afya yake ilikuwa dhaifu, na mnamo 1836 ilimbidi aiache shule yake na kusafiri hadi Uingereza kujiuguza. Huko alikutana na watu walioamini kwamba mgonjwa wa akili hutulizwa kwa upole, usafi na kazi nyepesi, wala si kwa pingu.

Machi 1841 aliombwa kuwafundisha dini wanawake waliofungwa katika jela ya East Cambridge, karibu na Boston. Miongoni mwa wahalifu aliwakuta wanawake ambao kosa lao lilikuwa ugonjwa tu. Walikuwa katika vyumba visivyo na moto wakati wa baridi kali, kwa kisingizio kwamba mwendawazimu hahisi baridi. Bi. Dix alilipeleka jambo hilo mahakamani, na wanawake wale wakapatiwa moto.

Mtu mwingine angeridhika hapo. Yeye alishika daftari akazunguka jimbo zima la Massachusetts kwa muda wa miaka miwili hivi, akaingia katika jela na nyumba za maskini, akiandika kila alichokiona: watu waliotiwa vizimbani, waliofungwa minyororo, walioachwa uchi na waliochapwa fimbo. Hakuwasahau waliozaliwa na upungufu wa akili; nao aliwataja pamoja na wagonjwa. Januari 1843 taarifa yake ilifikishwa katika bunge la jimbo. Kwa kuwa wanawake hawakuwa na nafasi bungeni, iliwasilishwa na Daktari Samuel Gridley Howe, ambaye mnamo 1848 alianzisha shule ya watoto wenye ulemavu wa akili. Bunge lilikubali kuipanua hospitali ya Worcester.

Kutoka hapo alikwenda jimbo baada ya jimbo. Hospitali zaidi ya 30 zilijengwa au kupanuliwa kwa juhudi zake, ikiwemo ile ya Trenton, New Jersey, iliyofunguliwa mnamo 1848. Mnamo 1854 Bunge la Marekani lilipitisha mswada wake wa kutenga zaidi ya ekari milioni 12 za ardhi kwa ajili ya wagonjwa wa akili, vipofu na viziwi. Rais Franklin Pierce aliukataa, akishikilia kwamba hiyo haikuwa kazi ya serikali kuu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mnamo 1861, aliteuliwa kuwa msimamizi wa wauguzi wa jeshi.

Sitaki msomaji adhani kwamba namsifu malaika. Alizunguka majimbo ya kusini akiwatetea wagonjwa, huku akikaa kimya juu ya utumwa uliokuwa mbele ya macho yake. Na hospitali alizozipigania zilianza kujaa kupita kiasi angali hai. Mahali palipokusudiwa wagonjwa wachache wanaojulikana kwa majina, walirundikwa wengi, na ule upole ukageuka ulinzi wa lango.

Hapo ndipo penye funzo. Jengo bila muuguzi aliyefunzwa ni jela yenye jina jipya. Mnamo 1882, katika hospitali ya McLean huko Massachusetts, ilianzishwa shule ya kuwafunza wauguzi wa wagonjwa wa akili. Wakati huo Bi. Dix alikuwa mkongwe, akiishi katika chumba alichopewa ndani ya hospitali ya Trenton. Humo ndimo alimofia Julai 17, 1887.

Kwa wanafunzi wanaofikiria kazi ya uuguzi, naomba wasiudharau uuguzi wa maradhi ya akili kana kwamba ni kazi ya walioshindwa kupata nyingine. Ni kazi ya kusikiliza, ya kumwogesha na kumlisha mtu bila kumdunisha, na ya kutambua badiliko dogo kabla halijawa janga. Na kwa walimu wenzangu, sisi ndio tunaojua ni mtoto yupi wa mtaa hajafika darasani. Bi. Dix hakuwa daktari wala mbunge. Aliona, akaandika, akawapelekea wenye mamlaka. Mimi nilipita mlango ule kila asubuhi na chaki mfukoni, wala sikubisha hodi.