Monica Wilson, msomi aliyeandika habari za wachawi na chatu Unyakyusa

Siku hizi, kuanzia Kyela mjini hadi Matema, mikutano ya maombi ni jambo la kawaida. Mgonjwa akianguka na kupiga kelele, mhubiri humuuliza pepo jina lake, ametumwa na nani, na mkuu wake ni nani. Anauliza hivyo kwa sababu anaamini kwamba pepo wana jeshi lao: mkuu wao juu, wakubwa wengine chini yake, na askari wa kawaida mwishoni. Mara nyingi swali la aliyemtuma ndilo linaloacha kidonda. Pepo akijibu kwamba ametumwa na bibi fulani wa jirani, mkutano utakwisha na watu watatawanyika, lakini bibi yule atabaki kijijini na jina hilo.

Leo tunaeleza maisha ya mwanamke aliyekaa Unyakyusa miaka mingi kabla ya mikutano hiyo, akitaka kujua kwa nini anayetajwa huwa ni huyu na si yule. Jina lake ni Monica Wilson.

Alizaliwa tarehe 3 Januari 1908 huko Lovedale, Afrika Kusini, akiitwa Monica Hunter. Wazazi wake walikuwa wamisionari kutoka Uskochi, na yeye mwenyewe alibaki Mkristo hadi mwisho. Alikua akicheza na kusoma karibu na watoto wa Kixhosa. Alipelekwa Uingereza, akasoma historia katika Chuo Kikuu cha Cambridge, kisha akageukia taaluma ya kuchunguza maisha na desturi za watu. Utafiti wake wa kwanza aliufanya kwa Wapondo, nyumbani kwao Afrika Kusini, na kitabu chake kilitoka mwaka 1936.

Mwaka 1935 aliolewa na Godfrey Wilson, msomi mwenzake, ambaye tayari alikuwa ameanza kazi kwa Wanyakyusa. Wakaja wote. Wakati huo Kyela ilikuwa sehemu ya wilaya ya Rungwe, na boma la Mwingereza lilikuwa Tukuyu. Hawakukaa bomani. Walijenga vijijini, Isumba pakiwa pamoja na mahali walipoishi, wakajifunza Kinyakyusa na kukaa na watu misibani, kwenye ngoma na kwenye mashauri hadi mwaka 1938. Karani na mkalimani wao, Leonard Mwaisumo, aliandika sehemu kubwa ya habari walizokusanya, na ni haki kumtaja. Mzee mwingine aliyewafundisha mengi ni Kasitile, kuhani na mleta mvua. Godfrey alizungumza naye kwa muda mrefu.

Sasa tusimame kidogo tueleze jambo moja, maana bila hilo kazi ya mama huyu haieleweki.

Wazo la kwamba pepo wana vyeo halikuanzia kwetu. Katika Agano Jipya, Beelzebuli anatajwa kuwa mkuu wa pepo, na Paulo anawaandikia Waefeso juu ya falme na mamlaka za giza. Katika kitabu cha Tobiti, kilichomo kwenye Biblia ya Wakatoliki, yumo pepo Asmodeo anayewaua waume wa Sara, na walimu wa Kiyahudi katika Talmudi wanamwita mfalme wa mashetani. Wakristo wa kale walipanga malaika katika ngazi 9. Kwa kuwa mashetani walihesabiwa kuwa malaika walioanguka, nao wakapangiwa ngazi zao.

Huko Ulaya kazi hiyo ilifanywa kwa bidii hasa katika karne ya 16. Daktari mmoja, Johann Weyer, alichapisha mwaka 1577 orodha ya pepo 69, wengine wafalme, wengine watawala wa majimbo, kila mmoja na majeshi yake. Weyer huyo huyo alikuwa ameandika kwamba vikongwe wanaoshtakiwa uchawi ni wagonjwa wa kutibiwa, wasichomwe moto. Mwaka 1589 Peter Binsfeld, askofu msaidizi wa Trier huko Ujerumani, aligawa dhambi kubwa 7 kwa wakuu 7: kiburi kwa Lusifa, tamaa ya mali kwa Mamoni, uzinzi kwa Asmodeo, wivu kwa Lewiathani, ulafi kwa Beelzebuli, hasira kwa Shetani, na uvivu kwa Belfegori. Orodha hiyo ni safi na rahisi kukariri. Lakini Binsfeld aliandika mjini ambako, katika miaka ile ile, mamia ya watu walichomwa moto kwa kosa la uchawi, naye alikuwa miongoni mwa waliotetea mashtaka hayo. Wenye orodha walihitaji watu wa kuwabandikia majina.

Tukirudi Unyakyusa, akina Wilson hawakukuta jeshi la mashetani. Walikuta mizimu, yaani wafu wa ukoo wanaoishi chini ya ardhi, ambao huwaadhibu watoto wao wenyewe pale wanapokosea. Juu ya hao walikuwapo mashujaa wa kale. Lwembe alikuwa na msitu wake Lubaga, na aliyeshika nafasi yake alikamatwa kwa nguvu na makuhani, maana hakuna aliyeitaka. Akiugua sana hakuachwa afe mwenyewe. Kyungu alikuwa upande wa Ungonde, ambako sasa ni Karonga nchini Malawi. Kyala alikuwa na pango lake ufukweni mwa ziwa, sehemu za Matema, mahali panapoitwa Palikyala. Kulikuwa pia na Mbasi. Hawa wote waliweza kuleta mvua au njaa, afya au tauni. Hakukuwa na upande mmoja wa wema mtupu na mwingine wa ubaya mtupu.

Wamisionari wa Kijerumani, Wamoravian na wale wa Berlin, waliofika mwaka 1891, walihitaji maneno ya kuhubiria. Ilibidi kupata jina la Mungu, na ilibidi kupata jina la adui yake. Kwa jina la Mungu walichagua Kyala. Mbasi akaangukia upande wa pili, na Wakristo wakamlinganisha na Shetani. Monica na mumewe waliona kwamba Kyala wa zamani alikuwa shujaa mmoja kati ya kadhaa, na kwamba mahubiri ndiyo yaliyompandisha hadi juu kabisa. Si wote wanaokubali hivyo. Wapo wanaosema Wanyakyusa walimjua Muumba tangu zamani. Sisi hatutaki kuamua ugomvi huo. Linaloonekana wazi ni kwamba ngazi mbili ndefu, moja ya kwenda juu na moja ya kwenda chini, ziliwekwa mahali ambapo palikuwa na mashujaa waliokaa bega kwa bega.

Ubaya wenyewe je, ulikaa wapi? Hapa ndipo Monica alipotumia jicho lake vizuri zaidi.

Wanyakyusa walimwambia kwamba mchawi ni jirani mwenye chatu tumboni. Chatu huyo hupenda nyama na maziwa. Akisikia harufu ya nyama inayochomwa kwa jirani na mwenye nyumba hakuita watu, huamka usiku na kwenda kumla mtu au kukausha maziwa ya ng'ombe wake. Walikuwapo pia walinzi, abamanga, wanaowaona wachawi usiku na kupigana nao ndotoni. Mkuu wa kijiji alitarajiwa kuwa mmoja wao. Jambo la kushangaza ni kwamba walinzi nao walikuwa na chatu. Nguvu ilikuwa ile ile moja, na tofauti ilikuwa katika matumizi. Mtu aliyevunja desturi, kwa mfano aliyewanyima majirani nyama msibani, angeweza kupata homa na baridi kwa pumzi ya watu walionung'unika juu yake, na hilo lilihesabiwa kuwa haki. Dawa ilikuwa kukiri, kuchinja na kulisha watu.

Monica alikumbuka Wapondo. Kule wachawi walisemwa kuwa na vijidude na wanyama wa siri ambao hugeuka kuwa wapenzi wazuri wa kiume au wa kike. Hadithi za kule zilijaa mapenzi, na za Unyakyusa zilijaa chakula. Kwa nini? Akatazama jinsi watu walivyokaa. Wapondo walikaa na ndugu wa ukoo wengi ambao hawaruhusiwi kuoana nao, kwa hiyo tamaa iliyokatazwa ilikuwa mlangoni kila siku. Wanyakyusa hawakukaa kiukoo. Vijana wa rika moja walijenga kijiji chao, wakaishi na wenzao hadi uzee, na sifa ya mtu mwema ilikuwa kula na wenzake. Ng'ombe, hata hivyo, walikuwa mali ya ukoo. Basi kila siku palikuwa na mtu mwenye maziwa na jirani anayetazama. Mwaka 1951 alichapisha makala akionyesha kwamba hofu ya uchawi ni kama jinamizi ambalo jamii nzima inaliota pamoja, na ukilisikiliza utajua jamii hiyo inaumwa wapi.

Tunaona hapa tofauti kubwa na orodha ya Binsfeld. Yeye aliuweka ulafi kwa Beelzebuli na wivu kwa Lewiathani, nje ya binadamu, kwa wakuu wasioonekana. Mnyakyusa aliuweka tumboni mwa mtu anayemjua. Mambo haya mawili yakikutana katika mkutano mmoja, pepo hupewa cheo kutoka Ulaya na jirani hupewa lawama ya kienyeji. Anayehubiri anaweza kudhani amewaondolea watu hofu ya uchawi, kumbe ameipa jina jipya tu.

Serikali ya Mwingereza nayo ilikuwa na sheria ya uchawi ya mwaka 1928, iliyofanya kumwita mtu mchawi kuwa kosa. Mwavi ulikuwa umekatazwa. Watu wengi waliona kwamba sheria hiyo inawalinda wachawi. Monica aliyaandika malalamiko hayo bila kuwacheka, na bila kusema kwamba wachawi wapo.

Maisha yake baada ya hapo hayakuwa mepesi. Godfrey alifariki mwaka 1944 akiwa jeshini, akimwachia watoto wawili wa kiume na masanduku ya daftari za Unyakyusa. Monica alifundisha Fort Hare, kisha Chuo Kikuu cha Rhodes, na kuanzia 1952 akawa profesa Chuo Kikuu cha Cape Town, hadi 1973. Huko alikuwa mwalimu wa Archie Mafeje, ambaye serikali ya ubaguzi ilizuia asiajiriwe mwaka 1968 kwa sababu ya rangi yake, na ambaye baadaye alifundisha Dar es Salaam.

Katikati ya kazi hizo zote alizirudia zile daftari. Alirudi Unyakyusa mwaka 1955 kuangalia yaliyobadilika. Alitoa kitabu juu ya vijiji vya marika mwaka 1951, kingine juu ya misiba, ndoa na uzazi mwaka 1957, na mwaka 1959 kile cha matambiko ya Lwembe na Kyala. Cha mwisho juu ya Wanyakyusa, kinachohusu vizazi na uhusiano wa wanaume na wanawake, kilitoka mwaka 1977, miaka 39 baada ya yeye na mumewe kuondoka Unyakyusa.

Alifariki tarehe 26 Oktoba 1982 nyumbani kwake Hogsback, Afrika Kusini. Vitabu vyake aliviandika kwa Kiingereza, lakini ndani yake majina ya Kasitile, ya makuhani wa Lubaga na ya pango la ufukweni yapo kama alivyoyasikia. Na jina Kyala linaendelea kuimbwa makanisani kote Kyela kila Jumapili, na wengi wanaoliimba hawajawahi kusikia habari za pango hilo.