Harry Thuku wa Kambui: Mtoto wa Misheni Aliyefuatwa na Waislamu

Kila uchaguzi unapokaribia, swali moja halikosi kuulizwa barazani wakati wa kahawa: je, huyu anayetaka kura zetu ni mwenzetu au si mwenzetu? Na hapo mwenzetu si jirani wala mtu wa mtaa mmoja. Maana yake ni dini. Wala si sisi watu wa pwani peke yetu tunaouliza hivyo. Bara nako wapiga kura hutaka kujua mgombea anasali kanisa gani, na wagombea wenyewe, kwa kulijua hilo, huonekana makanisani Jumapili na kwenye futari zetu mwezi wa Ramadhani.

Swali hili lina umri mkubwa kuliko sanduku la kura la Mwafrika nchini Kenya. Ili kulipima, na tumtazame marehemu Harry Thuku, aliyewahi kuwa kipenzi cha Wakristo na Waislamu kwa pamoja, kisha akaachwa na wengi wa waliomshangilia.

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Murang'a hupita Ruiru, kisha Thika. Siku hizi njia hiyo imejaa viwanda na maghorofa. Mwanzoni mwa karne iliyopita, pande hizo zilikuwa zikigeuzwa mashamba ya kahawa na katani ya walowezi wa Kizungu, na reli ya kufika Thika ilifunguliwa mwaka 1913. Magharibi ya njia hiyo, ardhi inapoanza kupanda vilima, ndiko kuliko Kambui. Hapo ndipo Thuku alipozaliwa mwaka 1895, katika ukoo wa Gathirimu, ukoo uliokuwa na sauti katika Kiambu ya kaskazini.

Wamisheni wa Gospel Missionary Society kutoka Marekani walipofika Kambui, ukoo huo ulikuwa miongoni mwa waliowapokea. Kijana Thuku akakaa misheni kwa miaka minne, akijifunza kusoma na kuandika. Kisha akaenda Nairobi kutafuta maisha, na maisha hayakumpokea kwa upole. Mwaka 1911 alihukumiwa kifungo cha miaka miwili kwa kosa la hundi. Alipotoka alipata kazi ya kupanga herufi katika gazeti la Leader, lililokuwa la walowezi. Mpanga herufi hana budi kusoma kila neno, na kwa hiyo Thuku alisoma waliyoyasema wakubwa juu ya watu wake kabla wakubwa wenyewe hawajayasoma. Baadaye aliajiriwa katika idara ya Hazina akishughulikia simu.

Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza mambo yalikuwa mazito. Mwanamume wa Kiafrika alilazimishwa kuchukua kipande, karatasi ya alama za vidole iliyotiwa katika kikebe cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Kodi ikapandishwa. Mwaka 1921 walowezi wakaazimia kupunguza mishahara kwa theluthi moja. Juu ya yote hayo, wanawake na wasichana walikuwa wakitolewa makwao kwa nguvu kwenda kufanya kazi katika mashamba ya kahawa. Mzigo huo haukuchagua dini. Kipande kilining'inia shingoni mwa aliyebatizwa kama kilivyoning'inia shingoni mwa aliyesilimu.

Mwezi wa Juni mwaka huo Thuku na wenzake walianzisha chama cha vijana wa Kikuyu. Miongoni mwa waanzilishi alikuwamo Abdalla Tairara, naye ni Mwislamu. Haukupita mwezi chama kikabadilishwa jina, kikawa East African Association, kwa kuwa Thuku aliona kwamba jina la kabila moja lingewafungia mlango wengine. Nairobi ya wakati ule haikuwa mji wa Wakikuyu peke yao. Mitaa kama Pangani ilijaa Waislamu: watu wa pwani, wazee waliowahi kuwa wapagazi na askari, na watu wa bara waliosilimu mjini. Hao nao walikaribishwa, na Thuku akaeneza habari za chama kwa karatasi ya Kiswahili iliyoitwa Tangazo. Aliyemsaidia katika uchapaji alikuwa M. A. Desai, Mhindi mwenye gazeti lake. Hivyo basi, mtoto wa misheni alikuwa na mwenzi Mwislamu katika chama na rafiki wa Kihindi katika uchapaji. Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Je, imani yake haikuwa na kazi yoyote? Ilikuwa nayo, tena kubwa. Wasomi wa misheni ndio waliokuwa wepesi wa kumsikia, kwa sababu alisema kama wao na kuandika kama wao. Alipotembea kwa gari kwenda Murang'a kuhutubia, walioizoea Biblia walimfananisha na Musa na Daudi, wakamwombea katika sala zao. Kwetu sisi nao ni manabii, na kisa cha Nabii Musa mbele ya Firauni hakihitaji kufafanuliwa katika msikiti wowote. Kwa hiyo mfano ule uliweza kueleweka na watu wa vitabu vyote viwili.

Lakini imani hiyo hiyo haikumsaidia mbele ya wakubwa wa dini yake. Wamisheni wengi walimwona kuwa mchochezi. Machifu wa Kiambu walitoa ushahidi wa kiapo dhidi yake, nao walikuwamo waliobatizwa. Na tujiulize: ikiwa dini peke yake ndiyo inayomfanya mtu kuwa mwenzetu, mbona Wakristo wale walitia sahihi ya kumtia Mkristo mwenzao mbaroni, hali Abdalla Tairara akiwa upande wake?

Thuku alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Watu maelfu walikusanyika mbele ya kituo cha polisi cha Nairobi, wakalala hapo hapo, na tarehe 16 walikuwa hawajaondoka. Wanawake, wakiongozwa na Mary Muthoni Nyanjiru, waliwakejeli wanaume kwa kusitasita kwao, wakasonga mbele. Polisi wakafyatua risasi. Walowezi waliokuwa kwenye hoteli ya Norfolk nao walipiga bunduki. Serikali ilikiri kwamba zaidi ya watu 20 waliuawa; Waafrika walihesabu wengi zaidi. Muthoni alikuwa miongoni mwa waliokufa.

Thuku hakufikishwa mahakamani. Alipelekwa Kismayu, mji wa Waislamu, mbali na vilima vya Kambui. Jubaland ilipokabidhiwa kwa Waitalia mwaka 1925, akahamishiwa upande wetu wa Lamu na Witu, na mwisho akapelekwa Marsabit. Aliachiliwa mwishoni mwa mwaka 1930, baada ya karibu miaka tisa.

Katika miaka hiyo serikali nayo ilitoa jibu lake kwa swali la dini na uwakilishi. Mwafrika hakuwa na kura. Mwaka 1924 ilipoonekana kwamba Waafrika wanahitaji mtu wa kuwasemea katika Baraza la Kutunga Sheria, aliyeteuliwa ni mmisheni, Dakta John Arthur wa misheni ya Scotland. Ndiye aliyewasemea Wakristo, Waislamu na wasio na dini hizo zote mbili. Ilidhaniwa kwamba ucha Mungu wa mtu unatosha kumfanya ajue kiatu cha mwenzake kinambana wapi. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia katika Baraza hilo mwaka 1944, na uchaguzi wa kwanza wa Waafrika ulifanyika mwaka 1957.

Asiyekuwepo na lake halipo. Wakati Thuku yuko kifungoni, nyumbani kwake moto uliwaka kwa sababu ya dini. Mwaka 1929 misheni kadhaa, ile ya Kambui ikiwa mojawapo, ziliwataka waumini waikane tohara ya wasichana. Walio wengi walikataa, wakaondoka. Kambui ilipoteza sehemu kubwa ya watu wake. Zikazuka shule na makanisa ya kujitegemea, na chama cha Kikuyu Central Association, kilichorithi kazi ya Thuku, kikapata wafuasi wengi kutokana na mgogoro huo. Kuanzia hapo, katika nchi ile, kujua mtu anasali wapi ikawa karibu sawa na kujua yuko chama gani.

Thuku aliyerudi alikuwa hakuhusika na ugomvi huo. Hakuwa amekana wala hakuwa amekataa kukana. Pengine hilo nalo lilimfaa, kwa maana mwaka 1932 alichaguliwa kuwa rais wa chama hicho. Waliomchagua hawakumpa cheo kwa sala zake. Walikumbuka kipande, walikumbuka risasi za Machi, na walikumbuka miaka aliyoitoa kwa ajili yao.

Ila miaka tisa humbadilisha mtu. Thuku hakutaka tena kupambana na serikali kama zamani. Viongozi wakagombana, na mwaka 1935 akajitenga na kuunda Kikuyu Provincial Association, chama kilichoahidi utiifu kwa Mfalme. Mwaka 1944 alipewa uenyekiti wa chama kilichokuja kuitwa KAU, lakini mwaka uliofuata nafasi yake ilichukuliwa na James Gichuru, na mwaka 1947 ikamfikia Jomo Kenyatta. Vita vya Mau Mau vilipoanza mwaka 1952, Thuku alivipinga hadharani kwa redio. Wengi waliokuwa wakilitaja jina lake katika sala sasa walilitaja kwa uchungu.

Mzee Thuku akarudi Kambui kulima. Kahawa ambayo Mwafrika alikuwa amezuiwa kuipanda wakati wasichana wake wakilazimishwa kuichuma, sasa aliipanda kwa leseni, akiwa mmoja wa Waafrika wa kwanza kuipata katika Kiambu. Mwaka 1959 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuingia katika bodi ya Kenya Planters Coffee Union. Alifariki dunia Juni 1970, na mwaka huo huo kitabu cha maisha yake kilichapishwa Nairobi.

Tumejifunza nini? Wasomaji wetu watasema, na wana haki kusema, kwamba ni rahisi kuhubiri kuwa dini isiangaliwe ikiwa wewe ni wa dini ya walio wengi. Mwislamu wa Kenya anapouliza mgombea ni mwenzetu au la, nyuma ya swali lake kuna vitambulisho vinavyocheleweshwa na ardhi iliyopotea. Mwaka 1992 Chama cha Kiislamu, IPK, kilipokataliwa kuandikishwa, waliokasirika hawakuwa wanasiasa tu. Watu waliona kwamba wamefungiwa mlango wakati wengine wanaingia. Kutafuta mtu wa dini yako akusemee si dhambi wala si ujinga. Imani ni kitambulisho cha kwanza mtu anachokiona, na humfanya msikilizaji atege sikio.

Hata hivyo, kutega sikio ni mwanzo tu. Thuku aliyeshangiliwa mwaka 1922 na Thuku aliyeachwa mwaka 1952 alikuwa mtu yule yule wa misheni ya Kambui. Kilichobadilika ni msimamo wake juu ya mzigo wa watu. Alipoubeba pamoja nao, Abdalla Tairara na Waislamu wenzake walimwita mwenzao ingawa hawakuswali naye. Alipoutua, waliobatizwa kama yeye nao walimpa kisogo.

Basi mgombea ajaye barazani akitanguliza kofia au msalaba, tumkaribishe na kumpa kahawa. Kisha tumwulize atafanya nini juu ya hati za ardhi, juu ya vitambulisho vya vijana wetu, na juu ya bei ya unga. Ipo barabara Nairobi yenye jina la Harry Thuku, nayo inapita mbele ya hoteli ile ile ya Norfolk. Walioanguka karibu na hapo mwaka 1922 hawakuulizwa na risasi ni wa dini gani. Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.