Imamu Abu Hanifa: Duka na Darasa

Wako vijana wetu wadhanio kuwa duka na darasa ni vitu viwili visivyokutana. Maisha ya Imamu Abu Hanifa, Mwenyezi Mungu amrehemu, yabatilisha dhana hiyo.

Alizaliwa Kufa, nchi ya Iraki, mwaka wa 80 Hijria (699), akafanya biashara ya nguo za hariri na sufi. Mwanachuoni Ash-Shaabi, alipomwona kijana huyu mwerevu hendi ila sokoni, alimhimiza kuhudhuria vikao vya elimu. Basi akashikamana na Sheikh Hammad miaka 18, wala biashara hakuiacha. Yasimuliwa kuwa mshirika wake aliuza nguo yenye kasoro pasi na kumbainishia mnunuzi. Imamu akaitoa sadaka thamani yake yote. Kwa chumo lake alimkimu mwanafunzi wake fukara, Abu Yusuf, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu. Na kwa kuwa hakula mkononi mwa watawala, aliweza kuukataa ukadhi, akafungwa. Akafariki Baghdad mwaka wa 150 Hijria (767).

Enyi vijana, shikeni kazi ya halali pamoja na elimu ya dini yenu. Nasi tulio wakubwa wao tusimlaumu kijana aliye sokoni. Tumwonyeshe njia ya darasa, kama alivyofanya Ash-Shaabi.