Daktari Carothers na Dai Lake juu ya Ubongo wa Mwafrika

Ndugu yetu wa pwani akaaye Pumwani au Eastleigh aweza kuifikia hospitali ya Mathari kwa miguu. Nyumba hiyo ya wagonjwa wa akili ilifunguliwa mwaka 1910, na humo ndimo lilimozaliwa dai moja zito juu ya akili zetu, dai lililokwenda kusomwa hata Geneva. Mwenye dai hilo ni Daktari John Colin Carothers.

Alizaliwa Afrika ya Kusini mwaka 1903, akaja Kenya mwaka 1929 kuwa tabibu wa serikali. Mwaka 1938 Mathari ilikosa mkuu, akawekwa yeye, ilhali hakuwa amesomea maradhi ya akili. Alijifunza kwa kuwatazama wagonjwa, na baada ya vita ndipo alipokwenda London kusomea elimu hiyo. Insafu yatutaka tuseme kwamba alikuwa mtu wa bidii. Alikaa Mathari miaka kumi na miwili, wagonjwa wengi na wasaidizi wachache, akiziandika habari zao kwa utaratibu.

Mwaka 1947 alitangaza hesabu zake. Aliona kwamba Waafrika wenye wazimu ni wachache sana, wenye maradhi ya huzuni karibu hawapo, na kwamba wanaougua zaidi ni wale waliotoka makwao kwenda kutumika. Katika hili la mwisho jicho lake halikukosa. Mtu wa Shauri Moyo au Ziwani wa siku zile aliishi chumba kimoja na wanaume wenziwe, mke yuko mbali, wazee wako mbali. Lakini hesabu yenyewe ilikuwa na ufa. Yeye aliwahesabu walioletwa hospitali, na aliyeletwa mara nyingi ni yule aliyepiga watu au aliyekamatwa na polisi. Mwanamke wa Lamu aliyeshikwa na huzuni akakaa ndani, jamaa zake wakimwangalia, ni nani angemtia katika daftari la Mathari?

Juu ya msingi huo akajenga ghorofa. Mwaka 1935 tabibu Mreno, Egas Moniz, alianzisha kupasua vichwa vya wagonjwa wa akili. Mgonjwa hutiwa dawa ya ganzi au ya usingizi, fupa la kichwa likatobolewa, na nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo zikakatwa. Wengi walitulia, lakini walipoteza pia hima, tahadhari na kufikiri ya kesho. Moniz alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1949. Carothers alizitazama tabia za watu hao walioharibiwa ubongo, akaandika mwaka 1951 kwamba Mwafrika mzima, ambaye hakuguswa na kisu, afanana nao, kwa kuwa haitumii sawasawa sehemu ile ya mbele. Hakukata shauri kama sababu ni maumbile au malezi. Ila msomaji wa Ulaya hakungoja ufafanuzi huo, na mwaka 1953 Shirika la Afya Ulimwenguni likakichapisha kitabu chake.

Kisha elimu ikaingia katika siasa. Tarehe 24 Aprili 1954 askari waliizingira mitaa ya mashariki ya Nairobi, wakawachukua watu kwa maelfu kuwachuja. Mwaka huohuo serikali ilimwita Carothers, ambaye alikwisha hamia Uingereza, aieleze Mau Mau. Katika ripoti yake vita hivyo aliviona zaidi kuwa ni msukosuko wa roho za watu walioacha mila zao kabla ya kushika nyingine, naye akaunga mkono watu wakusanywe vijijini. Malalamiko ya ardhi yalipata nafasi ndogo.

La ajabu ni kwamba katika nchi hiyohiyo, kule Kisii, walikuwako waganga wa vichwa. Mtu aliyepigwa rungu, akabaki na maumivu yasiyokoma, humwendea mganga akapasua ngozi na kulikwangua fupa kwa kisu, bila ya dawa za usingizi za hospitali, na wengi wa wagonjwa walipona. Daktari Edward Margetts, aliyefanya kazi Mathari katika miaka ya 1950, aliichunguza kazi hiyo na kuiandika. Ni vigumu kumwona mganga wa Kisii, akijua akome wapi asiuguse ubongo, kuwa ni mtu asiyetumia sehemu ya mbele ya ubongo wake.

Frantz Fanon, tabibu wa akili aliyefanya kazi Algeria, alimjibu Carothers kwa ukali katika kitabu chake cha mwaka 1961: hali za watu aliowaandika zilitokana na kutawaliwa. Carothers alitoa kitabu kingine juu ya akili ya Mwafrika mwaka 1972. Alifariki Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1980. Mathari leo ni hospitali ya taifa, na madaktari Wakenya husomea humo elimu ileile aliyoianza yeye bila ya mwalimu.