Dolivo-Dobrovolsky: Aliyeupeleka umeme mbali, kisha akaonya juu ya mipaka yake

Msikilizaji, ukienda kusaga mahindi kwenye mashine ya umeme, iangalie ile mota inayovuma pembeni. Aliyeunda mota ya aina hiyo ni mhandisi Mikhail Dolivo-Dobrovolsky.

Alizaliwa Urusi mwaka 1862. Akiwa mwanafunzi mjini Riga alifukuzwa chuoni kwa sababu za kisiasa, katika msako uliofuata kuuawa kwa mfalme wa Urusi mwaka 1881. Milango ya vyuo vya nchi yake ikafungwa. Akaenda Ujerumani, akasoma Darmstadt, kisha akaajiriwa na kampuni ya AEG mjini Berlin.

Huko, mwaka 1889, alitengeneza mota ya umeme wa njia tatu. Sehemu yake inayozunguka ina fito za shaba zilizoungwa kama kizimba. Haina brashi za kusuguana wala kutoa cheche, ndiyo maana hudumu miaka mingi hata penye vumbi la unga.

Wakati huo umeme ulitumika karibu na ulikozalishwa, na wataalamu wengi hawakuamini kwamba unaweza kusafirishwa mbali bila kupotea njiani. Agosti 1891, yeye na wenzake waliuchukua umeme wa maporomoko ya mto Neckar huko Lauffen, wakaupeleka kwa nyaya hadi kwenye maonyesho mjini Frankfurt, umbali wa kilomita 175. Takribani robo tatu ya umeme ilifika. Taa zipatazo 1,000 ziliwaka, na mota ikasukuma maji ya maporomoko ya kutengenezwa. Mabishano yakaisha. Tangu hapo dunia ilifuata njia hiyo, na ndiyo inayotufikishia umeme hadi leo.

Umeme huo hugeuza mwelekeo wake, kwenda na kurudi. Ule wa Lauffen ulifanya mizunguko 40 kwa sekunde. Wa kwetu hufanya 50.

Mtu mwingine angetulia na sifa zake. Yeye, karibu na mwisho wa maisha yake, aliandika kwamba njia aliyoipigania ina mipaka. Kebo ndefu hubeba umeme, lakini pia huuhifadhi ndani yake. Kila mkondo unapogeuka, kebo hutolewa ilichohifadhi na kujazwa upya. Kebo ikirefuka sana, kazi hiyo ya kujaza na kutoa humaliza nafasi yote, na umeme wa kumfikia mtumiaji hubaki kidogo. Kwa safari ndefu, alisema, tutalazimika kurudia umeme usiogeuka. Alifariki Heidelberg mwaka 1919.

Karne moja baadaye, onyo lake limejitokeza baharini. Mashamba makubwa ya mitambo ya upepo hujengwa mbali na pwani, na umeme wake hupita kwenye kebo chini ya maji. Mengi ya yale ya mbali katika Bahari ya Kaskazini, upande wa Ujerumani, hutumia umeme usiogeuka, kama alivyoshauri. Ila hapo huhitajika vituo vya gharama kubwa vya kuubadilisha umeme, kimoja kikijengwa katikati ya bahari.

Wahandisi sasa wanajaribu njia ya kati: kupunguza mizunguko hadi 17 au 20 kwa sekunde. Kebo ikijazwa mara chache zaidi, umeme mwingi zaidi hupita, na kituo cha kuubadilisha hubaki nchi kavu tu. Hasara yake ni kwamba transfoma huwa kubwa na nzito zaidi. China ilianza majaribio ya mizunguko 20 mwaka 2022 katika visiwa vya Dachen, mkoani Zhejiang, kwa umeme wa upepo.

Dolivo-Dobrovolsky hakuishi kuyaona hayo. Lakini kikwazo wanachopambana nacho wahandisi hao ndicho alichokitaja yeye mwenyewe, ingawa kilipunguza sifa ya kazi yake.