Cousteau, mwamba aliyezamisha kamera bila kuilowesha

Shabiki anayetoka Dar kwenda Mkwakwani kuishangilia timu yake anaijua Chalinze kwa jambo moja: basi linasimama, watu wananyoosha miguu, wananunua cha kutafuna, safari inaendelea. Wengi hawajui kuwa halmashauri hiyo hiyo inafika hadi baharini, kule Saadani. Ukisimama ufukweni huko unaona maji na ngalawa tu. Kilichopo chini hukioni.

Mtu aliyefanya kazi kubwa ya kuwaonyesha watu wa nchi kavu mambo ya chini ni Mfaransa Jacques-Yves Cousteau, aliyezaliwa Juni 11, 1910.

Kumbe ndoto yake ilikuwa angani. Akiwa ofisa wa jeshi la majini alisomea urubani, lakini mwaka 1936 akapata ajali mbaya ya gari, mikono ikavunjika na urubani ukaishia hapo. Ni kama kinda anayevunjika mguu siku chache kabla ya kusaini mkataba. Akaanza kuogelea ili mikono ipate nguvu. Rafiki yake, Philippe Tailliez, akampa miwani ya kuogelea. Alipochungulia chini ya maji, habari ya ndege ikaisha.

Shida ikawa kuwaonyesha wengine alichokiona. Kamera na maji ya chumvi havipatani, na kila ukishuka mita 10 presha ya maji inazidi. Fundi Léon Vèche akamtengenezea kasha lisiloingiza maji. Ilikuwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, mikanda ya sinema ilikuwa adimu, hivyo wakanunua mikanda mifupi ya picha za kawaida na kuiunga gizani. Mwaka 1942, yeye, Tailliez na Frédéric Dumas wakapiga filamu yao ya kwanza katika kina cha mita 18, tena kwa kubana pumzi. Mwaka uliofuata, Cousteau na mhandisi Émile Gagnan wakaunda kifaa cha kupumulia kinachotumia mitungi ya hewa.

Kasha linategemea mpira mwembamba unaoziba mlango wake. Unywele mmoja au chembe ya mchanga ikikaa hapo, kamera imekwenda. Ndiyo maana wazoefu hulizamisha kwanza likiwa tupu. Ni kazi ya kipa bwana: okoa dakika 89, kosea moja, umefungwa. Baadaye Cousteau na Jean de Wouters walikuja na Calypso, kamera isiyohitaji kasha kabisa, ambayo Nikon iliiuza kwa jina la Nikonos kuanzia 1963.

Filamu yake ya mwaka 1956, aliyoiongoza na Louis Malle, ilibeba tuzo kuu ya Cannes, kisha Oscar. Lakini humo ndani mna rafu. Kikosi chake kinalipua matumbawe kwa baruti ili kuhesabu samaki, na kinaua papa kwa hasira. Kamera haikumficha hata bosi wake.

Watu wa pwani yetu wanalielewa hilo. Uvuvi wa mabomu umevunja matumbawe kwa miaka mingi, ingawa sheria inaukataza. Bomu likishalia, maji ya juu yanatulia, mtu wa ufukweni haoni kitu, kama rafu iliyochezwa mwamuzi akiwa amegeuka. Kamera ndani ya kasha ndiyo VAR ya huko chini.

Cousteau mwenyewe alibadilika. Mwaka 1960 aliipinga serikali ya nchi yake ilipotaka kutupa taka za nyuklia katika Bahari ya Mediterania, na 1973 akaanzisha taasisi ya kutetea bahari. Kwenye michezo, alikuwa rais wa kwanza wa CMAS, shirikisho la dunia la uzamiaji lililoundwa 1959. Leo shirikisho hilo lina mashindano ya dunia ya kupiga picha chini ya maji.

Alifariki Paris, Juni 25, 1997, akiwa na miaka 87.

Siku hizi kijana anazama na simu yake ndani ya kasha la plastiki, anatafuta samaki wa kupendeza. Safi sana. Ila akikuta matumbawe yamevunjwa, asiyapite. Nayo ayapige picha.