Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh: Baba wa Wenye Kifafa

Habari za diakonia katika milima ya Usambara hazielezeki vema pasipo kumtaja mtumishi mmoja ambaye hakuwahi kukanyaga ardhi yetu. Huyo ni Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh wa Ujerumani.

Alizaliwa tarehe 6 Machi 1831 huko Tecklenburg, Westphalia. Baba yake alikuwa waziri wa serikali ya Prussia, hivyo njia ya vyeo ilikuwa wazi mbele yake. Lakini yeye alijifunza kilimo, na akiwa msimamizi wa shamba kubwa aliuona umaskini wa vibarua kwa macho yake. Hapo ndipo alipoitikia wito wa kusoma theolojia. Mwaka 1858 alikwenda Paris kuwahudumia Wajerumani maskini waliofagia barabara za mji ule, na mwaka 1864 akawa mchungaji wa usharika wa Dellwig.

Mnamo Januari 1869 msiba mzito uliingia nyumbani mwake. Yeye na mkewe Ida walikuwa na watoto wanne, na katika muda wa majuma mawili hivi wote wanne walifariki kwa kifaduro. Baadaye alikiri kwamba ni katika uchungu huo ndipo alipojifunza kuwahurumia wengine.

Mwaka 1872 aliitwa Bielefeld kuongoza kituo cha wenye kifafa kilichokuwa kimeanzishwa mwaka 1867. Kituo hicho kikaitwa Betheli, yaani Nyumba ya Mungu. Mchungaji hakuridhika wagonjwa walishwe na kulazwa tu. Waliishi katika nyumba zao kama jamaa moja, na kila mmoja alipewa kazi kwa kadiri ya nguvu zake, shambani, bustanini au katika karakana. Masista wa Sarepta na mashemasi wa Nazareti walikaa pamoja nao. Mwaka 1882 alifungua makazi ya Wilhelmsdorf kwa watu waliotangatanga bila ajira, wapate riziki kwa jasho lao badala ya kuombaomba. Akiwa na umri wa miaka 72 aliingia katika bunge la Prussia, mwaka 1903, ili awasemee watu hao.

Tangu mwaka 1890 aliitegemeza pia misheni ya Afrika Mashariki, ambayo hatimaye iliitwa Misheni ya Betheli. Mwaka 1891 wamisionari wake walifika Mlalo. Kule Lutindi, mahali palipoanza kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, mashemasi wa Betheli waliwahudumia wagonjwa wa akili tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Mchungaji Bodelschwingh alilala katika Bwana tarehe 2 Aprili 1910.

Ndugu wapendwa, tunaposherehekea miaka 100 ya usharika wetu, tujihoji kwa unyofu. Hata leo wapo watu wanaoogopa kumgusa mwenye kifafa aangukapo, wakidhani povu lake huambukiza, ilhali kifafa hakiambukizi. Wapo watoto wanaofungiwa ndani ibada inapoendelea. Mtumishi huyu aliyezika watoto wake wote wanne aliwafungulia mlango watoto wa wengine. Kumbukumbu yake itakuwa na maana kwetu siku watoto hao watakapoketi nasi kanisani, mstari wa mbele.